Sifa, Sharti na Kigezo: Mizozo ya Kisheria Kuhusu Ustahiki wa Waombaji Kazi za Serikali Mpakani Busia na Malaba

Utangulizi

Katika taaluma ya Kiswahili tumezoea kulichukulia neno "sifa" kuwa neno jepesi. Mwanasarufi hutwambia kwamba kivumishi hutoa sifa za nomino. Mshairi humwimbia mpenzi wake sifa. Naye mwombaji kazi husoma gazetini orodha yenye kichwa "sifa za mwombaji" na kujiuliza kama anazo. Neno ni lile lile, lakini katika matumizi haya ya tatu limeacha kuwa pambo. Mtu anaweza kushtakiwa kwa kudai sifa asiyokuwa nayo, na serikali inaweza kushtakiwa kwa kuikana sifa ambayo mtu anayo.

Makala haya yananuia kueleza mizozo ya kisheria inayozuka wakati serikali, ya kitaifa au ya kaunti, inapowaajiri watu na kukatokea ubishi kuhusu nani aliyestahili. Tumeuchagua mpaka wa Busia na Malaba, upande wa Kenya, kwa kuwa hapo ndipo karatasi za nchi mbili hukutana juu ya meza moja ya usaili. Rai yetu ni kwamba sehemu kubwa ya mizozo hii haisababishwi na udanganyifu, ingawa udanganyifu upo. Chanzo chake ni maneno ya tangazo la kazi: maneno machache kama vile "inayolingana", "inayotambuliwa" na hata "au". Wasomi wa lugha wamewaachia wanasheria maneno hayo kwa muda mrefu mno.

Mahali penyewe

Kaunti ya Busia ilianza kuwa na serikali yake mwaka 2013, baada ya Katiba ya mwaka 2010 kuanzisha ugatuzi. Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu wakazi 893,681. Kaunti hiyo ina miji miwili ya mpakani: Busia wenyewe, ambao una pacha wake wa jina hilo hilo ng'ambo ya Uganda, na Malaba ulioko Teso Kaskazini, mahali reli na barabara kuu zinapovukia. Wakaao humo ni Wateso na makundi ya Waluhya, yaani Wakhayo, Wasamia, Wamarachi na Wanyala. Wateso na Wasamia wako pande zote mbili za mpaka, na hapana shaka kwamba walikuwako kabla ya mpaka wenyewe.

Watoto nao huvuka. Wapo Wakenya wengi waliosomea Tororo au Busia ya Uganda kwa sababu shule ilikuwa karibu, au kwa sababu shangazi au mjomba aliishi huko. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza Uganda mwaka 1997, na ilipoanza Kenya mwaka 2003, kila upande ulipata wageni kutoka upande wa pili. Katika ngazi ya chuo kikuu hali ni iyo hiyo. Chuo Kikuu cha Busitema kilianzishwa mwaka 2007 katika Wilaya ya Busia nchini Uganda, na upande wa Kenya kuna Chuo Kikuu cha Alupe kilichopata hati yake mwaka 2022.

Inafaa kukumbuka kwamba jambo hili halikuwa tatizo zamani. Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki liliundwa mwaka 1967, na kwa kipindi fulani mtahiniwa wa Busia na mtahiniwa wa Tororo walifanya mtihani mmoja na kupewa cheti kimoja. Tanzania ilijitoa mwaka 1971. Kenya ikaunda baraza lake la kitaifa mwaka 1980, na Uganda ikaunda lake mwaka 1983. Babu aliyepata cheti chake katika siku za baraza la pamoja hakuulizwa na mtu kama cheti hicho "kinalingana" na kingine. Mjukuu wake huulizwa swali hilo kila anapopeleka barua ya maombi.

Maneno matatu yasiyofaa kuchanganywa

Kabla ya kuziingia kesi, ni vyema tuyatenge maneno matatu ambayo katika mazungumzo ya kila siku huchanganywa. Sifa ni ya mtu: alichosomea, umri wake, uraia wake, tajriba yake. Sharti ni la kazi: kile ambacho sheria au mwajiri ametamka kuwa lazima kiwepo. Kigezo ni cha mwenye kupima: namna anavyoamua nani kati ya wenye kutimiza masharti apewe nafasi. Mtu anaweza kuwa na sifa tele na asitimize sharti. Anaweza kutimiza masharti yote na bado akashindwa kwa kigezo. Na mara nyingi malalamiko yanayopelekwa mbele ya sheria huporomoka kwa sababu mlalamishi ameshambulia kimoja huku kosa liko katika kingine.

Ubishi kuhusu sifa

Huu ndio ubishi unaojulikana sana na umma, kwa hiyo hatutaukalia. Mwezi Oktoba 2022 serikali iliagiza taasisi za umma zihakiki vyeti vya wafanyakazi wao, na mwezi Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba vyeti bandia zaidi ya 2,000 vilikuwa vimegunduliwa. Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi imekuwa ikienda mahakamani kudai kwamba aliyeajiriwa kwa cheti bandia arudishe mishahara yote aliyolipwa, na mahakama zimewahi kukubali madai hayo. Hoja ni kwamba mkataba uliojengwa juu ya uongo haumpi mtu haki ya ujira, hata kama kazi aliifanya kweli.

Kinachotuhusu hapa ni kivuli ambacho mambo hayo yameuangusha mpaka. Mwaka 2022 kulizuka mzozo mkubwa kuhusu shahada ya Johnson Sakaja, ambaye wakati huo aliwania ugavana wa Nairobi. Shahada hiyo ilisemekana kutolewa na Chuo Kikuu cha Team kilichoko Kampala. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya Kenya iliitambua shahada hiyo, kisha mwezi Juni mwaka huo ikaubatilisha utambuzi wake, na mahakama ikausimamisha ubatilishaji huo. Sakaja aligombea na kuchaguliwa mwezi Agosti. Hiyo ilikuwa kesi ya uchaguzi, si ya ajira, lakini iliufundisha umma tofauti ya vitenzi viwili. Kutambua ni kukubali kwamba chuo fulani ni chuo halali na kwamba shahada yake ina uzito wa shahada. Kuthibitisha ni kuhakikisha kwamba mtu huyu, mwenye jina hili, alisoma huko na kuhitimu. Karatasi yenye muhuri wa kutambua haimaanishi kwamba kazi ya kuthibitisha imefanywa. Tangu wakati huo, mwombaji wa Malaba mwenye shahada halali ya Uganda huingia katika usaili akiwa tayari anashukiwa, na si haki. Shaka hiyo hatuwezi kuifuta kwa sheria, bali tunaweza kumdai mwajiri atumie kitenzi kinachofaa.

Ubishi kuhusu sharti: kitenzi kisicho na mtendaji

Hapa ndipo penye uzito. Chukua tangazo lolote la nafasi serikalini. Baada ya kutaja KCSE na daraja inayotakiwa, mara nyingi litaongeza maneno ambayo kwa Kiswahili tungesema "au cheti kinacholingana nacho". Mwanafunzi wa mofolojia ataona mara moja kwamba kitenzi "lingana" kina kiambishi cha kutendana. Vitu viwili vinalingana vyenyewe, kama nguzo mbili zilizosimama, na hakuna aliyevipima. Sheria haiwezi kuishi na kitenzi cha namna hiyo. Inataka "kilicholinganishwa", na papo hapo inauliza: kimelinganishwa na nani?

Vivyo hivyo neno "kinachotambuliwa". Kifungu cha 35 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 kinataka mjumbe wa kamati tendaji ya kaunti awe raia wa Kenya, awe na shahada ya kwanza kutoka chuo kikuu kinachotambuliwa nchini Kenya, na awe na tajriba ya miaka isiyopungua mitano katika fani ya wizara yake. "Kinachotambuliwa" ni kauli ya kutendwa ambayo mtendaji wake amefichwa. Kwa miaka mingi mtendaji huyo alikuwa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Kisha Sheria ya mwaka 2014 ikaunda mamlaka ya kitaifa ya kusimamia mfumo wa sifa za kielimu, na mamlaka hiyo nayo ikadai kazi ya kuzitambua na kuzilinganisha sifa za kigeni. Vyeti vya shule za sekondari kwa upande wao vilizoea kulinganishwa na Baraza la Kitaifa la Mitihani. Taasisi hizi zilivutana hadharani kuhusu mipaka ya kazi zao, naye mwombaji akabaki akizunguka na bahasha yake Nairobi kutoka afisi moja hadi nyingine, huku siku ya mwisho ya kupokea maombi ikikaribia.

Ugumu wa kulinganisha si wa kubuni. Katika mfumo wa zamani wa mtihani wa kidato cha nne wa Uganda, alama bora ya somo iliandikwa D1, herufi D ikisimamia ufaulu wa kiwango cha juu kabisa. Kenya, D ni daraja ya chini inayokaribia mwisho wa orodha. Uganda walijumlisha alama za masomo manane, na aliyepata jumla ya 8 alikuwa amefaulu kuliko wote, kwa kuwa nambari ndogo ndiyo nambari nzuri. Kenya, pointi 8 ni B ya kutoa, na kilele ni pointi 12. Kisha Uganda ikaanzisha mtaala mpya mwaka 2020, na watahiniwa wake wa kwanza walipofanya mtihani mwaka 2024, matokeo yalitolewa kwa herufi A hadi E. Sasa D ya Uganda si ufaulu wa juu tena, bali ni kiwango cha msingi, na wala hailingani moja kwa moja na D ya Kenya. Karani wa usaili ambaye hajui mwaka wa cheti anaweza kuisoma herufi moja kwa namna tatu. Hebu fikiria, ndugu msomaji, vijana watatu wa familia moja wakienda na vyeti vyao mbele ya karani huyo.

Mfano wa ualimu unatugusa sisi wenyewe. Masharti ya kusajiliwa na Tume ya Kuwaajiri Walimu kwa mwenye shahada ya elimu ni daraja ya wastani ya C+ katika KCSE na C+ katika masomo mawili ya kufundishia. Kando ya masharti hayo kuna njia ya pili: pasi kuu mbili na pasi ndogo moja katika kidato cha sita. Njia hii ni kumbukumbu ya mfumo ambao Kenya iliuacha mwishoni mwa miaka ya 1980, lakini Uganda bado inautumia. Tuseme kuna msichana wa Malaba aliyesoma kidato cha tano na cha sita Tororo, akafaulu Kiswahili na Historia, kisha akahitimu shahada ya elimu. Akidai kwamba anaingia kwa njia ya pili, je, maneno "kidato cha sita" katika masharti hayo yanamaanisha kidato cha sita cha Kenya ya zamani tu, au kidato cha sita popote? Maneno yenyewe hayasemi. Mwenye kuandika hakumfikiria msichana huyu. Mwanasheria atasema kwamba panapokuwa na utata ifuatwe fasiri inayolinda haki. Afisa wa usajili atasema kwamba panapokuwa na utata ailete barua ya kulinganisha. Kwa maoni yetu wote wawili wana hoja, na hilo ndilo linaloifanya kesi kuwa kesi.

Sharti la uraia nalo lina historia yake mpakani. Chini ya katiba ya zamani, mtoto aliyezaliwa nje ya Kenya aliupata uraia kupitia kwa baba peke yake. Mama Mkenya aliyejifungulia hospitali ya Tororo kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu hakuweza kumrithisha mwanawe uraia. Kifungu cha 14 cha Katiba ya 2010 kiliondoa ubaguzi huo, na kikasema wazi kwamba kinawahusu hata waliozaliwa kabla ya Katiba hiyo. Hata hivyo, Kifungu cha 78 kinamkataza afisa wa dola na mwanajeshi kuwa na uraia wa nchi mbili. Kijana mwenye mama Mkenya na baba Mganda anaweza basi kuwa raia kamili na bado akakwama anapoomba kujiunga na jeshi, hadi aukane uraia mmoja. Wenyeji hulieleza jambo hili kwa kifupi tu: "walimwita Mganda". Tuhuma hiyo hutamkwa uwanjani siku ya usajili, mara nyingi na mtu anayegombea nafasi hiyo hiyo, wala haina uhusiano na kifungu chochote.

Na ikiwa mtu ni raia wa Uganda kweli, Jumuiya ya Afrika Mashariki haimsaidii katika jambo hili. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inaruhusu wafanyakazi kuvuka mipaka, na Kifungu chake cha 11 kinazitaka nchi kutambuliana sifa za kielimu. Lakini Kifungu cha 10 kinatoa uhuru huo kwa mkono mmoja na kuuzuia kwa mwingine: hautumiki katika utumishi wa umma isipokuwa sheria za nchi mwenyeji zikiruhusu. Wakuu wa nchi walitangaza mwezi Mei 2017 kwamba Afrika Mashariki ni eneo moja la elimu ya juu. Mwanafunzi anaweza kusoma popote, naam. Kuajiriwa na serikali popote ni habari nyingine.

Ubishi kuhusu kigezo

Kesi kubwa zaidi ya aina hii nchini Kenya haikuanzia Busia, ila iliwafikia vijana wa Busia kama ilivyowafikia wa kaunti nyingine zote. Mwezi Julai 2014 makurutu wa polisi wapatao 10,000 walichaguliwa katika vituo vya nchi nzima kwa siku moja. Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi ilikuwa imewatuma waangalizi, na ikaenda mahakamani ikieleza rushwa, upendeleo na uholela ilioushuhudia. Tarehe 31 Oktoba 2014 Jaji Isaac Lenaola wa Mahakama Kuu alilibatilisha zoezi zima. Mwezi Aprili 2015, baada ya shambulio la Garissa lililowaua watu 148, Rais Uhuru Kenyatta aliagiza makurutu hao waripoti kambini licha ya uamuzi huo, lakini hatimaye zoezi lingine lilifanywa mwezi huo huo. Mwezi Mei Mahakama ya Rufaa iliuunga mkono uamuzi wa Mahakama Kuu.

Uamuzi huo haukusema kwamba waliochaguliwa hawakuwa na sifa. Wengi wao bila shaka walikuwa nazo. Walizipoteza nafasi zao kwa sababu kipimo chenyewe kilikuwa kimechafuka, na mizani mbovu hairuhusu kujua ni mzigo upi uliokuwa na uzito wa kweli. Kijana aliyekimbia mbio zake kwa haki na kushinda alirudishwa nyumbani pamoja na aliyenunua nafasi. Tunaliona hili kuwa sahihi kisheria, lakini si vizuri kujifanya kwamba halikumuumiza mtu. Mwaka 2025 nao uajiri wa makonstebo wengine 10,000 ulichelewa kwa amri za mahakama, safari hii kwa sababu ya ubishi wa nani hasa mwenye mamlaka ya kuajiri kati ya Tume ya Huduma za Polisi ya Taifa na Inspekta Jenerali, hadi zoezi likafanyika mwezi Novemba.

Katika matangazo hayo ya polisi kuna neno dogo linalofaa kutajwa katika jarida kama hili. Matangazo ya miaka ya karibuni yametaka daraja ya wastani ya D+ katika KCSE, pamoja na D+ katika Kiingereza au Kiswahili. Sisi wapenzi wa Kiswahili tungependa kuona "na" mahali pa "au". Lakini kwa kijana aliyesomea Uganda, ambako Kiswahili kilikuwa kimeachwa nje ya madarasa mengi kwa muda mrefu, kiunganishi hicho ndicho mlango. Ukikibadilisha kwa kukitetea Kiswahili, utakuwa umewafungia nje watoto wa mpakani ambao pengine wanazungumza Kiswahili cha sokoni kwa ufasaha kuliko wengi wenye alama ya A.

Katika ajira za kaunti kigezo kinachozua maneno mengi ni cha jamii. Kifungu cha 65 cha Sheria ya Serikali za Kaunti kinataka angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuingilia kazini zipewe watu wasiotoka katika jamii iliyo na nguvu zaidi kwa idadi katika kaunti. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 nayo inakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja. Tuseme sasa tuko katika Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti ya Busia. Jamii ni nini? Kama Waluhya wote ni jamii moja, basi Wateso ndio wanaolindwa na kifungu hicho. Kama Wakhayo, Wasamia, Wamarachi na Wanyala ni jamii nne, hesabu yote inapinduka, na Wateso wanaweza kujikuta ndio wengi. Neno "jamii" katika Kiswahili hubeba ukoo, kabila, taifa na hata watu wa mtaa mmoja. Sheria imelibebesha hesabu bila kulipa mipaka. Kila upande hulifasiri kwa namna inayoufaa, na bodi inayoajiri haiwezi kumridhisha kila mtu, hata ikiwa safi kama theluji ya Mlima Elgon, mlima ambao kwa bahati mbaya hauna theluji.

Njia za kudai haki

Mwombaji wa kazi ya kaunti aliyekataliwa asikimbilie mahakamani. Kifungu cha 77 cha sheria tuliyoitaja kinampa haki ya kukata rufaa kwa Tume ya Utumishi wa Umma, na kinataja waziwazi uteuzi, uajiri na "sifa zinazoambatana na cheo" kuwa miongoni mwa mambo yanayoweza kukatiwa rufaa. Rufaa iwe ya maandishi, na ipelekwe ndani ya siku 90 tangu uamuzi ulipotolewa, ingawa Tume inaweza kuikubali iliyochelewa ikiona kuna sababu. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ilishikilia kwamba anayeiruka hatua hii hana kesi mahakamani, na Sheria ya Tume ya Utumishi wa Umma ya mwaka huo huo ikalikaza fundo. Wengi wamepoteza haki zao hapa bila hoja zao kusikilizwa hata kidogo. Ajira za polisi na za walimu zina tume zake, na hazipiti njia hii.

Baada ya Tume, ipo Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo ina kituo chake Bungoma. Jaji hatamwajiri mtu. Kazi yake ni kukagua njia iliyofuatwa: je, masharti yalitangazwa? Je, yalibadilishwa katikati? Je, mtu alipewa nafasi ya kujieleza? Sheria ya Utendaji Haki wa Kiutawala ya mwaka 2015 inampa aliyeathirika haki ya kudai sababu za uamuzi kwa maandishi. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, barua ya kuomba sababu ni silaha inayopuuzwa kuliko zote. Haihitaji wakili, na jibu lake, au ukosefu wa jibu, huwa ushahidi.

Lugha ya tangazo

Kifungu cha 7 cha Katiba kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Serikali za Kaunti kinaitaka bodi itangaze nafasi kwa njia zitakazowafikia watu wengi iwezekanavyo, hasa wale ambao kwa sababu yoyote wamekuwa katika hali ya kutengwa. Ukivisoma vifungu hivi viwili pamoja, ni vigumu kueleza kwa nini matangazo mengi ya kazi hutolewa kwa Kiingereza pekee, hata ya kazi ambazo mwenye kuzifanya atazungumza Kiswahili au Kiteso kutwa nzima katika kituo cha mpakani. Inatosha kusema kwamba sheria imetoa nafasi ambayo hatujaidai.

Hatudai tafsiri tu. Tafsiri ya neno kwa neno ingeuhamisha utata kutoka lugha moja hadi nyingine ukiwa mzima. Kinachotakiwa ni uandishi mpya ambamo kila kauli ya kutendwa imepewa mtendaji wake, kila "inayolingana" imeelezwa imelinganishwa na nani, na jambo la lazima limetengwa na lile ambalo ni nyongeza tu. Vyama vya Kiswahili vyuoni vinaweza kuanza na bodi moja ya kaunti. Tunapendekeza hapa, kwa ajili ya kujadiliwa, namna kifungu kimoja cha tangazo kingeweza kuandikwa:

"Mwombaji awe na cheti cha KCSE chenye daraja ya wastani ya D+ au zaidi, au awe na cheti cha nchi nyingine ambacho mamlaka ya Kenya yenye kazi hiyo kisheria imekilinganisha na daraja hiyo au zaidi. Barua ya kulinganisha iambatishwe. Ambaye barua yake haijatoka aambatishe risiti ya kuonyesha kwamba aliiomba kabla ya siku ya mwisho ya kupokea maombi, na jina lake lisiondolewe katika orodha kwa sababu hiyo pekee."

Sentensi ya mwisho ndiyo itakayopingwa na maafisa wa uajiri, kwa hoja kwamba inawaongezea kazi ya kusubiri. Ndiyo pia ambayo mwombaji wa Malaba angeisoma kwanza.